Shajara ya boti ya mwaka 1984: chuma, vanishi na kumbi za Januari

Jumamosi, 11 Januari 2025

Boti imetolewa majini jana mchana. Sasa imekaa juu ya magogo katika yadi moja karibu na Braunston, pale Mfereji wa Oxford unapokutana na Grand Union. Ni boti nyembamba ya mifereji ya Uingereza: urefu futi 50, upana futi 6 na inchi 10, ya chuma, imejengwa mwaka 1984. Upana huo haukuchaguliwa na fundi aliyeijenga. Ulikwisha kuamuliwa miaka zaidi ya mia mbili kabla yake, James Brindley alipozipa upana wa futi 7 loki za Mfereji wa Trent and Mersey. Loki ni chumba cha maji chenye milango, ndicho kinachopandisha na kushusha boti mahali ardhi inapoinuka. Tangu wakati huo, chombo kinachotaka kuzunguka katikati ya nchi hii kwa maji sharti kipite kwenye nafasi hiyo.

Nimeinunua kwa sababu mimi na mke wangu tunataka kukaa humo miezi ya kiangazi, na pia kwa sababu naijua aina yake. Nilifika Birmingham kutoka Tanga nikiwa kijana, nikapata kazi ya kufagia katika yadi iliyokuwa ikijenga boti hizi. Baadaye nikafundishwa kuchomelea, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya ufundi imepita huko. Boti hii haikutoka kwetu, lakini mikono iliyoijenga ilisoma somo lilelile.

Nitaandika humu maendeleo ya kazi, na pembeni yake niandike ninayoyakumbuka ya enzi zile: jinsi boti zilivyojengwa, na jinsi tulivyozipeleka kwenye kumbi za maonyesho wakati wa baridi. Mafundi wengi niliofanya nao kazi wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Walikuwa wastadi wa kweli, na ningependa kazi yao isomwe na kwa Kiswahili.

Leo tumeosha tu. Mpwa wangu amekuja kunisaidia, na tumepiga mashine ya maji ubavu mzima hadi lami ya kuzuia kutu iliyolegea ikaanguka, pamoja na kome wadogo waliojishika nyuma kwenye usukani. Chuma kilichobaki kinasomeka vizuri sasa.

Jumamosi, 18 Januari

Mkaguzi amepima unene. Kazi yenyewe ni ya subira: unakwangua doa dogo mpaka chuma king'ae, unatia tone la mafuta mazito, unabandika kipimo cha mawimbi ya sauti, unasoma namba, unaiandika kwa chaki palepale ubavuni. Halafu unasogea. Jioni boti ilikuwa imejaa namba kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma.

Bamba la chini lilianza maisha yake na milimita 6, na mahali pengi bado lina 5 na zaidi. Ubavu ulikuwa milimita 5. Upande wa mbele na katikati hauna neno. Tatizo liko nyuma, kwenye mstari wa maji, ambako vidonda vya kutu vimeingia ndani hadi kubaki milimita 3.4, na doa moja 2.9. Kampuni za bima kwa kawaida hazipendi chini ya 4. Kwa hiyo kuna chuma cha kuwekwa, hilo halina mjadala.

Sababu yake inaonekana. Mstari wa maji ndipo chuma kinapolowa na kukauka kila siku, na barafu ya Januari ikivunjwa na boti hupita ikikwangua lami hapohapo. Tena boti hii ilikaa miaka mingi imechomekwa umeme wa nchi kavu bila kifaa cha kutenga waya wa ardhi. Boti zikiunganishwa kwa waya huo huwa betri moja kubwa ndani ya maji, na chuma cha mmoja huliwa kwa ajili ya mwingine. Anodi zake za magnesiamu, vipande vinavyofungwa ubavuni ili viliwe badala ya chuma cha boti, zimekwisha kabisa, zimebaki vipande vya chuma vilivyokuwa vimezishikilia.

Wanunuzi wa leo wangependa kusoma kwamba boti ni "10, 6, 4": milimita 10 chini, 6 ubavuni, 4 kwenye chumba. Huo ndio umekuwa mtindo kwa muda mrefu. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ilikuwa kawaida kabisa kujenga kwa 6, 5, 3. Na kabla ya hapo kulikuwa na boti za chuma zenye chumba cha plaiwudi juu yake, ambazo baadaye zilivuja kila kona na wenyewe wakaja kwetu kuomba chumba cha chuma. Springer wa Market Harborough walizijenga za kwao na tako lenye umbo la V, na ukiona moja hata leo unaijua kabla hujasoma jina. Zilikuwa za bei nafuu, na ziliwaingiza kwenye mifereji watu ambao wasingeweza kabisa kumiliki boti. Kwa hilo nawaheshimu.

Jumamosi, 8 Februari

Tumebomoa ndani. Huwezi kuchomelea ubavu kwa nje huku ndani yake kuna mbao na polistairini, ile nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni mpya. Inashika moto na moshi wake ni sumu. Kwa hiyo nusu ya nyuma yote imevuliwa: mbao, vihami joto, waya.

Waya ndio ulionishughulisha zaidi. Enzi zile tulipitisha waya nyuma ya mbao, juu ya polistairini moja kwa moja. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba polistairini hunyonya kile kinacholainisha ganda la PVC, na ganda likakauka. Mpwa wangu aliukunja mmoja mkononi, ganda likapasuka na shaba ikatokea.

"Mjomba, huu ulikuwa na umeme mpaka lini?"

"Mpaka tulipoizima betri asubuhi."

Waya wote utatoka, mbele na nyuma, na mpya utapita ndani ya bomba lake. Vihami joto vipya vitakuwa vya povu la kupulizwa, linalogandia chuma chenyewe bila kuacha nafasi ya hewa yenye unyevu. Ndiyo njia ya yadi nzuri sasa, na ni bora kuliko ya kwetu.

Mbao nimeziweka kando kwa uangalifu, maana ni kazi nzuri sana. Ni vibao vyembamba vya ulimi na mfuo, ulimi wa kimoja ukiingia kwenye mfuo wa kingine, na aliyevifunga alipaka vanishi kwenye ulimi kabla ya kuunganisha. Mtu asiye fundi hawezi kuona faida yake. Faida inaonekana kibao kikikauka na kusinyaa: ulimi unatokeza kidogo, na kama haukupakwa, unabaki mstari mweupe kila baada ya kibao, chumba kizima. Jambo hilo sisi tulifundishwa na ukumbi wa maonyesho, wala si mfereji. Boti iliyotoka kwenye banda baridi lenye unyevu mwezi Desemba ikaingizwa kwenye ukumbi wenye joto kavu, mbao zilianza kusinyaa usiku wa kwanza. Ukifika asubuhi na kuona mistari meupe, na wageni wanapanga foleni, hakuna la kufanya. Mwaka uliofuata msimamizi wetu aliamuru kila ulimi upakwe kabla haujaingia mahali pake, na amri hiyo haikuondolewa tena.

Jumamosi, 22 Februari

Mvua, na bamba nililoagiza halijafika. Basi leo niandike ya maonyesho, maana Januari na Februari ndiyo ilikuwa miezi yake.

Yalikuwepo makubwa mawili yaliyotuhusu. La London lilianza Olympia mwishoni mwa Desemba 1954 chini ya gazeti la Daily Express, kisha kwa miongo likawa Earls Court kila Januari. Jumba lile lilifunguliwa mwaka 1937, na sakafuni mwake mlikuwa na bwawa kubwa. Kwa maonyesho mengine lilifunikwa. Kwa maonyesho ya boti lilijazwa maji, na vyombo vikaelea ndani ya nyumba, chini ya taa, huku nje kuna theluji. Sisi wa mifereji tulikuwa wachache pale. Ukumbi ulikuwa wa mayoti na boti za mwendo kasi, na sisi tulipewa nafasi pembeni na boti moja au mbili nyembamba nyeusi. Lakini foleni yetu haikuwa fupi. Watu waliotoka kutazama yoti wasiyoweza kuinunua walikuja kwetu wakaona nyumba yenye jiko la kuni na kitanda, wakakaa.

La pili lilikuwa karibu na nyumbani: NEC, kumbi zile kubwa zilizofunguliwa mwaka 1976 kando ya uwanja wa ndege wa Birmingham. Boti na karavani zilionyeshwa pamoja, na hapo watu wa mifereji tulikuwa kwetu. Wajenzi waliokuwa na yadi ndogo vijijini walikodi nafasi, wakaweka zulia, vyungu vya maua na ngazi ya mbao, na boti moja ambayo ndiyo iliyobeba matumaini ya mwaka mzima. Oda zilizopatikana wiki ile ndizo zilizotulipa mishahara hadi vuli.

Kazi ilianza Oktoba. Boti ya maonyesho ilichaguliwa ikiwa bado bamba tupu, na tangu hapo kila mshono wake ulikuwa na macho juu yake. Rangi ndiyo iliyochukua muda. Praima, kisha rangi ya msingi tabaka juu ya tabaka, kila moja ikipigwa msasa wa maji hadi kiganja kikipita kisikwame popote, kisha rangi yenyewe, kisha mistari na maandishi. Mwandishi wa herufi alikuja na kijiti chake chenye mpira wa ngozi mwishoni, akauegemeza mkono juu yake na kuandika jina la boti kwa brashi ndefu bila kupima mara mbili. Hatukuruhusiwa kusaga chuma siku aliyokuwepo.

Kuisafirisha kulikuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani. Upana wa boti ni mdogo kuliko wa lori, kwa hiyo taabu ni urefu tu na uzito. Tuliingia usiku, kwa zamu iliyopangwa na wenye ukumbi, kreni ikaishusha juu ya viguzo, nasi tukabaki kuifuta alama za mikono hadi alfajiri.

Na sasa nifikie lile ambalo kwangu ndilo kiini cha yote. Boti ikiwa kwenye mfereji inaonyesha theluthi mbili zake tu. Unaona chumba, rangi, shaba iliyosuguliwa, maua ya kuchora. Futi 2 za chini zimo majini, na maji ya mfereji ni ya tope, huoni kitu. Ukumbini boti ilisimama nchi kavu yote nzima. Uliiona rafadha inayoisukuma boti, ukaona usukani na kiatu chake, kile chuma kinachoushikilia kwa chini, ukaona jinsi ubavu unavyojikunja kuelekea tezi ili maji yafike kwenye rafadha bila kukatika. Hapo ndipo mteja alijua kama tezi ni ndefu na laini au imekatwa fupi ili kupata nafasi ya kabati moja zaidi. Tezi fupi huvuta maji, hula dizeli na kuangusha kingo za mfereji kwa wimbi lake.

Wateja wazuri walianzia chini. Namkumbuka mzee mmoja aliyevua koti, akampa mkewe, akalala chali juu ya zulia letu na kujisogeza chini ya boti na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alimwuliza msimamizi kwa nini mshono wa bamba la chini una ukubwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Msimamizi alijibu kwamba ulichomelewa boti ikiwa imeegemezwa ubavu, ili fundi afanye kazi akiangalia chini, chuma kilichoyeyuka kikae chenyewe mahali pake. Mzee aliitikia kwa kichwa, akapanda ngazi kwenda kutazama jiko. Mshono ule ulikuwa wangu. Sijapata cheti kilichonifurahisha kuliko swali lile.

Kwa sababu macho yalifika chini, kazi nayo ilifika chini. Yadi nyingi ziliacha bamba la chini bila lami, kwa hoja kwamba huko hewa ni kidogo na kutu haina haraka. Boti ya maonyesho ilipakwa, kwani ingekuwa aibu kuonyesha kutu chini ya taa zile. Na baada ya kupaka ya maonyesho, wateja wa boti zilizofuata wakaitaka hiyohiyo.

Kwenye vibanda vya jirani kulikuwa na wachoraji wa mawaridi na makasri, michoro ya jadi ya familia zilizoishi kwenye boti za mizigo. Mmoja alichora mbele ya watu juu ya ndoo ya maji. Kwanza aliweka duara jeusi au jekundu iliyokolea, akaliacha likauke. Kisha alichovya brashi, akaigusisha, akaikandamiza, akaivuta na kuinyanyua. Hilo ni petali moja. Hakurudia kugusa. Petali tano au sita namna hiyo na waridi limekamilika kabla mtoto aliyesimama mbele yake hajamaliza kuuliza swali. Ufundi huo ulitoka kwenye vyumba vidogo vya nyuma vya boti za mizigo, ambazo biashara yake ilikwisha kudhoofika ilipokuja baridi ya 1962 na 1963 na kugandisha mifereji kwa miezi. Baada ya hapo mizigo mingi haikurudi.

Wazee waliozaliwa kwenye boti zile walikuja NEC. Walikuwa wanyamavu. Waliingia, wakapima kwa macho chumba chenye bafu na friji, nao walikuwa wamelelewa na ndugu zao wote ndani ya chumba cha futi 10. Mama mmoja alipitisha mkono kwenye kana ya usukani wetu, ile ya shaba, akasema imekaa juu mno kwa mtu mfupi. Tulishusha ya boti iliyofuata.

Maonyesho ya London yalihamia ukumbi wa ExCeL mwaka 2004, na ya mwisho yalikuwa Januari 2018. Earls Court ilifungwa mwishoni mwa 2014 na imebomolewa. Watu wa mifereji sasa hukutana Crick, Northamptonshire, mwishoni mwa Mei, na ni maonyesho mazuri, yenye uchangamfu. Boti nyingi zimo majini na unaweza kupanda na kuendeshwa. Lakini kwa hiyo hiyo hali, chini huoni. Na wanaonunua kwa picha za simu wanaona jiko, taa na matakia. Nimekutana na vijana wenye boti mpya wasiojua rafadha yao ina mapanga mangapi. Siwalaumu. Hakuna aliyewapa nafasi ya kulala chali kwenye zulia.

Jumamosi, 8 Machi

Bamba limefika. Ni Ramadhani, kwa hiyo kazi ya grainda na kuchomelea tunaifanya asubuhi, na mchana tunapima na kuchora.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubandika bamba jipya juu ya la zamani na kulichomelea kuzunguka. Ya pili ni kukata chuma kilichokonda na kuweka kipya mahali pake. Yadi nyingi hubandika, maana ni haraka. Mimi sipingi, ila kuna mambo ya kuangalia. Kila mita ya mraba ya bamba la milimita 4 ina kilo zaidi ya 31, na uzito huo unakaa hapo daima. Boti ikizama sentimita moja au mbili, matundu ya kutolea gesi kwenye sanduku la mitungi yanakaribia maji; na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja na ikakosa njia ya kutokea, inateremka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, kusubiri cheche. Upana nao unaongezeka. Kuna loki zilizobanwa na ardhi kadiri miaka ilivyopita. Ile ya chini kule Hurleston, mlangoni mwa Mfereji wa Llangollen, ilijulikana kwa kunasa boti za zamani zilizovimba kiunoni hadi ilipojengwa upya.

Na kuna jambo la tatu ambalo wengi hulisahau. Injini hii, BMC 1.8, inapoozwa na tangi lililochomelewa kwa ndani ya ubavu. Maji ya injini yanazunguka humo, na ubavu ukiguswa na maji ya mfereji unachukua joto. Ukibandika bamba la pili hapo kwa nje, unaacha nafasi ya hewa kati ya chuma na chuma, na joto halipiti. Boti inatoka yadini inang'aa, na kwenye mto wenye mkondo injini inachemka.

Kwa hiyo uamuzi: mahali penye tangi tunakata na kuweka kipya, milimita 6. Sehemu nyingine za mstari wa maji tunabandika milimita 4, na farumi ya nyuma, yaani uzito unaowekwa chini ili boti itulie majini, itapunguzwa kwa uzito uleule.

Mpwa wangu ameniuliza boti yote ilianzaje, naye alitaka kuijua kazi tangu mwanzo. Bamba la chini hulazwa juu ya viguzo vilivyosawazishwa kwa pima maji. Hukatwa pana kidogo kuliko boti, ili ukingo utokeze kila upande na ndio ukwaruzwe na mawe badala ya mshono. Kisha ubavu husimamishwa, hushikizwa kwa nukta za moto kila baada ya hatua, na mataruma ya chuma cha pembe huwekwa ndani kuushikilia wima. Omo ndiyo inayotenganisha fundi na fundi. Bamba mbili zinavutwa kwa minyororo na jeki hadi zikutane mbele kwenye nguzo moja, na mkunjo wa kushoto lazima ulingane na wa kulia, kwa jicho na si kwa namba pekee. Msimamizi wetu alisimama hatua kadhaa mbele, akafumba jicho moja, akasema "milimita chache kulia." Tulipima, na alikuwa sahihi.

Mwisho ni mishono. Chuma kikipata moto hupanuka, na kikipoa huvuta. Ukichomelea mstari mrefu kwa mfululizo, ubavu wa boti huingia mawimbi, na bamba jembamba la paa hujikunja kama chapati kwenye tawa. Unachoma kipande hapa, unaenda upande wa pili, unarudi katikati, unaacha kipoe. Boti iliyonyooka ni ya mtu aliyejua kusubiri.

Jumamosi, 22 Machi

Tumekata. Maji ya tangi yametolewa, na ndani tumekuta tope la kutu kiasi cha ndoo, ambalo lenyewe lilikuwa likizuia joto. Limesafishwa. Bamba jipya limeingia mahali pake kwa nafasi sawa pande zote, na mpwa wangu amechomelea sehemu ya juu mwenyewe, kwa fimbo ya kuchomelea, akiegemeza kiwiko kwenye goti kama nilivyomwonyesha. Mkono wake umetulia. Mshono wa kwanza ulikuwa na vishimo, tukausaga; wa pili umelala vizuri, mawimbi yake madogo yamefuatana kwa umbali mmoja. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Tumejaza tangi maji na kuliacha na shinikizo usiku mzima. Halikudondosha.

Jumamosi, 12 Aprili

Idi imepita, na chuma chote kimekamilika. Wiki hii ni lami. Ubavu umesuguliwa hadi chuma, kisha umepakwa tabaka tatu, na tabaka ya nne kwenye mstari wa maji. Bamba la chini pia limepakwa, tukijisogeza juu ya mkeka na rola za kupakia zenye mpini mfupi. Anodi mpya za magnesiamu zimechomelewa, mbili mbele na mbili nyuma. Magnesiamu ni kwa maji baridi. Boti ya baharini ingetaka zinki. Kifaa cha kutenga waya wa ardhi kimenunuliwa na kitafungwa pamoja na waya mpya.

Kizuizi cha maji kwenye shafti nacho nimekijaza upya kamba yenye grisi. Kinatakiwa kudondosha kidogo shafti ikizunguka na kukauka ukikaza grisi jioni. Ukikikaza hadi kisidondoshe kabisa, shafti inapata moto na kuliwa.

Karatasi: boti hii ni ya kabla ya 1998, mwaka ambao sheria ya Ulaya ilianza kuwabana wajenzi kuweka alama ya CE na kitabu cha kila boti. Haina kibao cha mjenzi. Lakini cheti cha usalama, kile kinachofanywa upya kila miaka minne, inatakiwa kuwa nacho kama boti yoyote, na bila hicho Canal & River Trust, waliorithi mifereji kutoka British Waterways mwaka 2012, hawatoi leseni. Mkaguzi wa usalama atakuja waya na gesi zikikamilika.

Jumamosi, 10 Mei

Boti iko majini. Kabla kreni haijainyanyua niliwaita majirani wawili wa yadi, wenye boti mpya, nikawapa tochi. Walitazama tezi, rafadha, bamba tulilobandika na lile tulilokata. Mmoja aliuliza kwa nini upande mmoja umebandikwa na mwingine haukubandikwa, nami nikamweleza habari ya tangi. Amepiga picha apeleke kwa fundi wake.

Baada ya kuelea, nimepima. Nyuma inakula maji futi 2 na inchi 1, omo imenyanyuka zaidi kidogo kuliko ninavyotaka, na boti imelalia kulia kwa kiasi cha kidole, kwa kuwa jiko la kuni liko upande huo na kabati za kushoto hazijarudi. Farumi ni mabamba ya zege ya barabarani yaliyopangwa chini ya sakafu. Tumeyahamisha machache kutoka nyuma kwenda mbele kushoto, na yaliyobaki yatasubiri mbao zirudi ndani. Matundu ya gesi yako juu ya maji kwa nafasi ya kutosha.

Tumeendesha kuelekea Hillmorton, ambako hakuna loki njiani, kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Joto la injini lilipanda hadi nyuzi 80 na kitu, likasimama hapo. Nikaongeza mwendo kwa muda kuijaribu, likabaki palepale. Wimbi nyuma yetu lilikuwa dogo na kingo hazikuguswa. Aliyeikata tezi hii mwaka 1984 aliipa urefu wake unaostahili.

Wiki ijayo mtu wa povu anakuja. Kisha waya, kisha mbao zilezile zirudi mahali pake, na kila ulimi utapigwa msasa na kupakwa vanishi upya kabla haujaingia. Mpwa wangu ameomba aanze yeye upande wa kushoto.